Safu Mbili za Karatasi Moja

Siku Solveig Tollefson alipotangaza kwamba anagombea kiti cha seneti ya jimbo, Nolan Amundson alichukua nyundo, akaenda kulipigilia bango lake kando ya sanduku la barua, wala hakumwuliza mkewe. Delia alimwona kupitia dirisha la jikoni, mtoto Maren kiunoni, kijiko cha uji mkononi. Alimwona akirudi nyuma hatua mbili kulitazama kama limenyooka, akalisogelea tena, akalisukuma kidogo upande wa kushoto. Na huyu ndiye mtu ambaye picha yao ya harusi ilikaa imepinda ukutani sebuleni miezi kumi na minne bila yeye kuiona.

Solveig alikuwa daktari wa mifugo, na nusu ya ng'ombe wa kaunti waliijua mikono yake. Zamani alikuwa mchumba wa Nolan, miaka minne mizima, tangu sekondari mpaka alipokuwa Madison akisomea hao hao ng'ombe. Waliachana bila ugomvi. Nolan alikuwa akilisema hilo kama neno la kumtuliza mke: tulichoshwa na barabara tu, saa mbili na nusu kwenda, saa mbili na nusu kurudi. Kila akilisikia, Delia alifanya hesabu yake kimyakimya. Watu waliogombana wana ukuta kati yao. Hawa walikuwa na barabara tu, na sasa Solveig amerudi, anakaa maili nne kutoka hapa, na barabara yenyewe imekwisha.

Delia alikuwa mtoto wa mjini, ikiwa Westerholm unaweza kuuita mji: taa tatu za barabarani, kiwanda cha jibini, na makanisa mawili ya Kilutheri yasiyokaribishana kahawa. Alikuwa akiuza kwenye kaunta ya kiwanda. Nolan alikuja kila Ijumaa kununua vipande vya jibini mbichi, vile vinavyolia mdomoni ukivitafuna, mpaka siku moja Delia akagundua kwamba maziwa ya jibini hiyo yanatoka zizini kwa huyu huyu mnunuzi. Ndipo alipojua kwamba hakuja kwa ajili ya jibini. Walioana majira ya kupukutika majani. Ng'ombe, lakini, hakuwazoea. Miaka miwili ilipita na bado alikuwa akipita mlangoni mwa zizi kwa mbali, kama mtu anayepita penye mbwa asiyemjua.

Mwezi wa Juni, mchana wa joto, mtamba mmoja alikwama katika kuzaa. Solveig alifika na pikapu yake, akavua shati la juu, akaingiza mkono mpaka begani, huku akimsemesha yule mnyama kwa sauti ya chini kama anamwimbia. Delia alisimama mlangoni na mtoto. Aliloliona hakuweza kulisahau. Wale wawili hawakuambizana neno. Solveig akinyoosha kidole, Nolan ameshaleta kamba. Nolan akiinua kidevu, yeye ameshahamia upande wa pili. Ndama alipoanguka kwenye majani, akiwa hai, wote wawili walikaa chini palepale kwenye uchafu wakacheka, na Delia akasikia kutoka kwa mumewe kicheko ambacho hakuwahi kukisikia, kicheko cha kijana wa miaka kumi na saba.

Kisha Nolan akaingia chumba cha maziwa akammiminia mgeni kahawa katika kikombe cha bluu kilichotundikwa kwenye msumari. Delia alikuwa akiosha kila kitu katika nyumba ile. Kikombe kile hakuwahi kukiosha. Kilikuwa kikioshwa na nani?

Wiki tatu baadaye ndipo likaja lile bango.

Basi na Delia naye alikuwa na mtu wake. Kaka yake, Royce Kessler, naibu sherifu miaka kumi na tisa, mwaka huu aligombea kuwa sherifu wa kaunti. Mama yao alipokufa Delia alikuwa na miaka kumi na mmoja, na Royce, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyafunga mambo yake yote akarudi nyumbani kumlea. Alijifunza kumsuka nywele kwa kumtazama karani wa polisi akimsuka binti yake wakati wa mapumziko. Alimpeleka kwa daktari wa meno, kwenye kwaya, kwenye karamu ya kuhitimu akiwa bado na sare na bunduki kiunoni. Alimwita Kadogo, na bado alimwita Kadogo.

Royce aligombea upande wa chama cha Tembo, Solveig upande wa Punda. Kwa Royce, Agosti ndiyo ilikuwa kila kitu. Punda hawakumsimamisha mtu kwenye usherifu, kwa hiyo atakayeshinda mchujo wa Tembo, yeye au yule Trent Vogel wa ofisi ya mjini, amekwisha kuwa sherifu. Novemba itakuwa kupiga muhuri tu. Alikwisha maliza soli za buti jozi mbili kwa kugonga milango. Delia alichukua nyundo ile ile akalipigilia bango la kaka yake upande wa pili wa sanduku la barua, kubwa kidogo kuliko lile jingine. Majirani walicheka. Tarishi aliuliza ni yupi kati ya wanyama hao analala ndani. Verna, shangazi yake Nolan, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa kazi, alisema hii si nyumba tena, ni bustani ya wanyama, na kiingilio akatoze nani.

Mpango wa Delia ulikuwa rahisi. Siku ya kura angempigia Royce kwenye usherifu, halafu kwenye useneta angempigia Harlan Beck, mpinzani wa Solveig katika mchujo wa Punda. Beck alikuwa mzee wa kaunti ya jirani. Delia hakumjua kwa sura wala kwa maneno. Sifa yake iliyotosha ni kwamba hakuwa Solveig.

Jumapili, Nolan alipokuwa akinawa mikono, Delia alimwuliza yeye atampigia nani.

"Kura ni siri, mke wangu," Nolan alisema, akatabasamu kwenye kioo. Halafu tabasamu likapungua. "Ila Jumanne hii inanibana kweli."

Delia alidhani anazungumzia majani ya ng'ombe, maana yalikuwa yamekauka shambani na redio ilikuwa imetabiri mvua Jumanne. Hakuuliza zaidi. Alikuwa amepiga kura mara mbili tu maishani, mara zote mbili Novemba, na Novemba mtu anachagua apendavyo, huyu wa chama hiki, yule wa chama kile, kama anavyojipakulia kwenye meza ya chakula cha kanisa. Mchujo wa Agosti hakuwahi kuushiriki. Hakuna aliyemwambia kwamba ni meza nyingine.

Jumanne Nolan alikwenda mapema, mara tu baada ya kukamua. Alirudi na kile kibandiko cha waliopiga kura kimebandikwa kifuani juu ya ovaroli, akipiga mbinja. Alimbusu Maren, akambusu Delia, akapanda trekta kuyawahi majani.

Saa kumi alasiri, mvua ikiwa inanyesha kweli, Delia alifika ukumbi wa kijiji cha Bergum. Kwenye ubaraza akina mama wa kanisa walikuwa wakiuza pai za cheri, na mmoja wao akampokonya Maren kabla hata hajafunga mwavuli. Ndani, nyuma ya meza ndefu, alikaa shangazi Verna na daftari la wapiga kura, miwani puani, amejinyoosha kama jaji.

"Sema jina na anwani."

"Shangazi, Jumapili umekula kwangu."

"Jina na anwani, mwanangu. Sheria haikula kwako."

Delia akasema jina na anwani, akatia saini, akapewa karatasi na kalamu, akaenda kibandani. Karatasi ilikuwa na safu, Tembo upande huu, Punda upande ule. Alijaza kiduara cha Royce taratibu, kwa mapenzi, kama mtoto anayepaka rangi bila kutoka nje ya mstari. Kisha akavuka upande wa pili akajaza cha Harlan Beck, na hicho akakijaza mara moja, kwa nguvu. Alijisikia mwepesi. Akaenda kwenye mashine ya kuhesabia, akaisukumia karatasi mdomoni mwake.

Mashine ikaimeza, ikafikiri, ikalia, ikaitema.

Watu wanne waliokuwa kwenye foleni wakatazama dari, kwa heshima. Verna aliinuka akaja, mkono mmoja ameuinua machoni.

"Usinionyeshe," alisema. "Ifunike. Umevuka safu."

"Nimefanya nini?"

"Umechagua Tembo huku na Punda huku. Novemba ruksa. Agosti hapana. Agosti kila chama kinachagua watu wake, nawe unaingia mlango mmoja tu. Nikiipitisha hivi hivi, kura zako zote mbili zinatupwa. Ukitaka, nakupa karatasi nyingine. Usione haya, tangu asubuhi nimewarudisha sita, na mmoja alikuwa mchungaji." Akainama, akapunguza sauti. "Mumeo hakukwambia? Asubuhi alisimama kwenye kibanda kile mpaka kahawa yangu ikapoa."

Ndipo Delia alipoielewa Jumanne iliyombana Nolan.

Alirudi kibandani na karatasi mpya. Kalamu aliishika, asiandike. Kwa hiyo Nolan alijua. Alijua tangu mwanzo kwamba mlango ni mmoja, ama shemeji yake, ama Solveig. Alisimama hapa hapa, juu ya mbao hizi hizi, akawaweka kwenye mizani, kaka wa mkewe upande mmoja na yule mwanamke upande mwingine, na ilimchukua muda kahawa kupoa. Kisha akarudi nyumbani anapiga mbinja. Mtu aliyejilazimisha kumchagua shemeji yake harudi akipiga mbinja. Delia aliiona mbele yake kama anaitazama picha: kidole cha Solveig kinanyooka, na Nolan ameshaleta kamba.

Aliutazama upande wa Tembo. Jina la Royce lilikuwa la pili kutoka juu, limeandikwa kwa herufi zilezile kama majina mengine, halina chochote cha kuonyesha huyu ni nani. Alijua la kufanya. Alijua waziwazi, wala asije akasema baadaye kwamba hakujua. Lakini roho ilikuwa ikimchoma, na ndani ya ule moto wazo moja tu lilisimama: kama yeye amempa kura yake, basi yangu iende kuifuta.

Akakijaza kiduara cha Harlan Beck. Alikikandamiza mpaka kalamu ikaacha shimo, akaurudia mara ya pili ule weusi, na ya tatu.

Safari hii mashine iliimeza karatasi bila neno. Nambari kwenye kioo ikasogea, mia na kumi na nane ikawa mia na kumi na tisa. Verna akambandikia kibandiko begani kama anampa nishani.

Alikuwa bado kwenye ubaraza, Maren ana cheri mpaka nyusini, simu ilipolia. Royce.

"Ushakwenda, Kadogo?"

"Nimetoka sasa hivi."

"Mungu akubariki. Mambo yamekazana huku, kila moja ni dhahabu."

Delia hakuwa amesema uongo. Njia nzima ya kurudi nyumbani, wakati vifuta mvua vikienda na kurudi, alijaribu kujifariji kwa hilo, na halikumfariji.

Asubuhi yake, Nolan aliingia kutoka kukamua, akakaa mezani na simu mbele ya mayai yake, akaanza kumsomea. Solveig ameshinda mchujo, na vizuri. Hapa Bergum peke yake amepata hamsini na nane.

"Na Harlan Beck kapata moja," Nolan alisema, akacheka. "Moja, jamani. Nani huyo? Labda mtu amelalia kalamu."

Delia alikuwa akimfuta Maren uso ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi.

"Royce je?"

Kicheko kilikatika. Nolan aliiweka simu chini. Royce ameshindwa, alisema, kwa kura nne. Kaunti nzima, kura elfu nne na zaidi, na tofauti ni nne. Kisha akasema, kama mtu anayetafuta cha kumpa mgonjwa, kwamba walau wao wawili walifanya sehemu yao.

"Sisi wawili?"

"Mimi nilimpigia Royce. Ulidhani nilimpigia nani?"

Delia alikaa chini.

"Niliona tabu, sikufichi," Nolan aliendelea. "Babu yangu angefufuka angenipiga na koleo, Amundson kuingia mlango wa Tembo. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Lakini Solveig mwenyewe aliniambia Jumatatu, alipokuja kumpiga sindano yule ng'ombe mwenye mguu mbovu. Akaniambia, wewe nenda kampigie shemeji yako, damu ya mkeo ni damu yako, mimi hapa Bergum sina mpinzani. Nikaona kasema kweli."

Mtu angetazamia kwamba hapo wivu ungekufa. Wivu haufi hivyo. Delia aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na chini ya haya, jamani, akausikia ule moto mwingine ukijipenyeza. Kwa hiyo hata wema ambao mumewe alimtendea ulikuwa umepitia kwanza mikononi mwa yule mwanamke. Ameazimwa mume wake mwenyewe, na ruhusa imetoka zizini. Alitaka kulia, na alitaka kumwuliza Nolan kama asingeambiwa angefanya nini, na hakuthubutu, maana atakayeuliza huulizwa. Aliinuka akaosha vyombo.

Mchana Royce alikuja na sare yake, macho mekundu, lakini ana jambo la kushikilia. Angeomba kura zihesabiwe upya. Kwa tofauti ndogo kiasi kile sheria ilimruhusu. Alikuwa amezungumza na Verna, akajua kuhusu waliovuka safu. Huenda kuna watu wake ambao karatasi zao zilitupwa kimakosa. Alihesabu kwa vidole, jirani hadi jirani, watu wake wa Bergum, na alipofika kwenye nyumba hii hakusimama hata kidogo. Aliinua vidole viwili kwa pamoja akaendelea na nyumba inayofuata. Akasema kila mgombea anaruhusiwa kuleta macho yake mezani, na yeye hana macho anayoyaamini kuliko ya Delia.

"Jumatatu uje ukae nami," alisema. "Wewe hata nikiweka kofia pabaya unaiona."

Angemkataliaje?

Jumatatu walikaa chumba cha mikutano cha jengo la kaunti, meza zimeunganishwa, mifuko ya kura imepangwa kijiji kwa kijiji na lakiri zake. Wahesabuji watatu waliinua karatasi moja moja. Yenye kura ya sherifu inakwenda kwenye mafungu ya wagombea, isiyo nayo inawekwa kando. Upande wa pili alikaa mtu wa Vogel, anatafuna lozi. Asubuhi nzima walipata mabadiliko mawili, moja la huku na moja la huku, na tofauti ikabaki nne ile ile. Saa tano ukafunguliwa mfuko wa Bergum.

Delia alijua kwamba itakuja. Alikaa na mikono chini ya mapaja. Zilikuja kura za Royce, akaiona hata moja ambayo alihisi ni ya Nolan, kiduara kimejazwa nusu tu, cha mtu mwenye haraka na wasiwasi. Zikaja za Punda, moja baada ya nyingine, Solveig, Solveig, zote zikawekwa kando. Kisha mhesabuji mzee akainua moja, akaishika dhidi ya mwanga wa dirisha. Mwanga ulipita mahali pamoja, tundu la ukubwa wa kichwa cha sindano katikati ya weusi.

"Huyu nusura atoboe meza," mzee alisema.

Royce akajisogeza kutazama, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Alimnong'oneza Delia sikioni.

"Ndiye yule mmoja wa Beck. Hebu ona. Huyu alikuwa anapiga kura au anapiga mtu?"

Karatasi ikawekwa kando pamoja na nyingine. Haikuwa na jina. Hakuna mtu duniani, si Verna, si jaji, ambaye angeweza kusema ni ya nani, na baada ya siku kadhaa ingefungiwa mfukoni, kisha ikachomwa. Delia angeweza kunyamaza. Lakini aligeuka akamwona kaka yake akiwa bado na lile tabasamu, na kalamu mkononi, anaandika safu safi za tarakimu pembeni mwa daftari, ana matumaini bado, na akatambua kwamba katika matumaini yale kuna kura moja anayoihesabu kila siku na haipo.

"Ni yangu, kaka," alisema.

Kalamu iliendelea mpaka mwisho wa mstari. Kisha Royce akamwomba mzee mapumziko ya dakika kumi.

Walikaa kwenye ngazi za nje, karibu na sanamu ya askari wa vita vya zamani. Royce alikuwa amefungashiwa mkate wa nyama baridi, hakuufungua. Delia alimweleza yote, ya mashine, ya safu, ya mbinja, na alipokuwa akisimulia alisikia jinsi yalivyo madogo.

"Solveig alikufanya nini?" Royce aliuliza, kama anavyowauliza watu kazini.

"Hakunifanyia kitu."

"Nolan je?"

"Naye hakunifanyia kitu."

"Na mimi, Kadogo? Mimi nilikufanya nini?"

Hapo ndipo alipolia, si machozi ya kupangusa kwa kidole, kilio cha mabega. Royce alimwacha kwanza. Kisha akatoa kitambaa cha kufutia kioo cha gari, akakikung'uta, akampa.

"Yako moja haingenitosha," alisema. "Ningebaki nyuma kwa tatu badala ya nne. Na nilipokulea sikuwa nanunua kura. Lakini imeniuma. Nakwambia ili ulijue, usije ukafikiri nimecheka ikaisha. Imeniuma."

"Najua."

"Hujui. Utajua Maren akikua." Akauweka mkono wake mzito juu ya kichwa chake, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kumpeleka shule. "Nolan anajua?"

"Bado."

"Basi nenda ukamwambie leo, kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Mtu akikamua na neno limemkwama, hata maziwa hayashuki."

Alirudi ndani peke yake kumalizia hesabu. Jioni ile tofauti iliishia nne vilevile, naye akampigia simu Trent Vogel akampa hongera, kwa ufupi, kwa adabu.

Delia hakusubiri Nolan aingie ndani. Alimwacha Maren kwa Verna, akavaa buti za mumewe zilizomzidi, akaingia zizini. Joto la miili ya wanyama lilimpiga usoni. Ng'ombe kama arobaini waligeuza vichwa kumtazama, naye akapita katikati yao ameibana mikono kifuani, mpaka alipomkuta Nolan amechuchumaa anafuta chuchu kwa kitambaa. Akamwambia. Aliyasema yote kwa mstari mmoja, bila kupumzika, hata lile la wivu kuhusu ruhusa iliyotoka zizini, ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

Nolan alifunga mashine kwenye kiwele, akahamia kwa wa pili, akahamia kwa wa tatu. Delia alimfuata.

"Wewe ndiye uliyelalia kalamu," Nolan alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya mnavyofanya kazi pamoja. Hamsemi hata neno. Mimi nawe lazima niseme kila kitu."

Nolan aliinuka, mgongo ukalia. Alionekana amechoka, na pia kama mtu aliyeelezwa jambo kuhusu nyumba yake ambalo mafundi wote walikuwa wakiliona.

"Na yeye tulikuwa hatusemi," alisema. "Miaka minne tunavuta ndama, tukitoka nje ya zizi hatuna la kuzungumza. Unadhani barabara ndiyo iliyotuchosha?" Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Aliniambia nimpigie Royce, kweli. Lakini nilikuwa nimekwisha amua tangu Jumapili. Ningekwambia. Nilikuwa nafurahia kukuweka roho juu kidogo. Upumbavu wangu."

Delia alimtazama kuona kama anasema kweli. Alitazama kwa muda mrefu, na hakuona uongo, na bado kipande kidogo cha moyo wake kiliendelea kutafuta. Labda kitaendelea kutafuta mwaka mzima. Alikubali kukaa nacho.

"Novemba Solveig anasimama tena," Nolan alisema. "Utafanyaje?"

"Sijui." Ng'ombe mmoja alimnusa kiwiko, alishtuka, hakukimbia. "Mabango yake yamejaa barabara nzima, amehutubia mpaka kwenye maonyesho ya kaunti, na mimi sijui anataka nini kwenye hiyo seneti. Siku zote nilikuwa namtazama tu, sikumsikiliza hata neno moja. Alhamisi anazungumza maktaba. Nitakwenda nikamsikilize, nitakaa nyuma."

"Twende wote?"

"Hapana," Delia alisema. "Wewe kaa na mtoto."